Sura ya Nne: Ubeti Unaokataa

Mwaka 1858, sawa na 1275 wa Hijra, mjane mmoja wa visiwa vya Lamu alikuwa kitandani, naye amekwisha tambua kwamba maradhi yale hayatamwacha. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, akamtaka aje na wino na karatasi aandike atakayoambiwa. Yaliyoandikwa ni beti mia moja na kidogo, na leo tunaziita Utendi wa Mwana Kupona. Mama mwenyewe, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, anatajwa kuwa alifariki karibu na mwaka 1860.

Utendi huo umekaa mikononi mwa wasomaji wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaousoma kwa unyenyekevu: kwao ni wosia wa mama mcha Mungu, wa kufundia mwali, dini kwanza, adabu ya pili, mume baada ya hapo. Wa pili ni wale wanaousoma darasani. Swali linauliza nafasi ya mwanamke. Mwanafunzi anajibu kwamba mwanamke amechorwa kama chombo cha kumstarehesha mwanamume na kama mtu asiye na kauli, anatoa mifano mitatu ya kumkanda mume, kumpepea na kumtii, anakabidhi karatasi, anapata maksi zake zote.

Wa kwanza husema siasa haihusiki hapa. Wa pili hudhani ameshaimaliza. Nami naona wote wawili wamempita mlangoni mtu mmoja muhimu katika kisa hiki, naye ni huyo mume. Alikuwa nani?

Alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siu. Siu ni mji ulio katika kisiwa cha Pate, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ulimtoa jasho Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa akiuweka mwambao chini ya Zanzibar mji kwa mji. Mombasa ya Wamazrui ilimwangukia mwaka 1837. Siu ilimshinda. Katika miaka ya 1840 majeshi yake yalikwenda huko yakarudi yamepigwa. Mataka alikufa mwaka 1856, mwaka uleule aliokufa Sayyid Said, na ugomvi ukarithiwa na watoto: mmoja wa wana wa Mataka alikuja kutiwa mbaroni na watu wa Zanzibar, akafia ndani ya Fort Jesus. Kwa hiyo utendi tunaousoma kama mafunzo ya unyumba ulitungwa miaka miwili tu baada ya mtawala kufa, na mjane wake, kwa ajili ya binti wa mtawala huyo, wakati mshindani wao wa Zanzibar angali ana merikebu, mizinga na kisasi.

Ukishayajua hayo, rudi kwenye beti. Nasaha za kuuchunga ulimi, kujitenga na fitina, kutokaa na wapumbavu, kuwapokea watu kwa uso mkunjufu ili wasikuchukie: hizo ni nasaha za nyumba inayotazamwa. Katika miji ile, nyumba ya mkubwa ndiyo iliyokuwa baraza lake la utawala. Posa ya binti ilikuwa jambo la ukoo mzima, na mume wa binti huyo angeweza kuwa ngao au kuwa mlango wa adui kuingilia. Mama anayemfundisha binti namna ya kukaa na mume wa namna hiyo anamfundisha pia namna ya kubaki hai mjini baada ya baba kuondoka.

Kisha kuna jambo ambalo jibu la darasani haliligusi kabisa. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Kumbe ndani ya nyumba hiyo mna wanawake wengine, wanaosaga, wanaoteka maji, wanaofua, nao wanatajwa kama watu wa kuepukwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba utendi unaonyesha ukandamizaji wa mwanamke amesahau kuuliza ni mwanamke yupi. Mwana Hashima alikuwa mwana wa watu. Aliye chini yake hakuachiwa wosia na yeyote, wala hakuna aliyemwambia alete wino. Hili ni suala la siasa, na zito, lakini huwezi kuliona ukiwa umekuja na neno “mwanamke” mkononi kama muhuri.

Mwaka 1991 mtafiti Ann Biersteker aliandika makala ya kuutazama upya utendi huu kwa upande wa lugha na nguvu za usemi, akiwataka wasomaji wasiuchukulie kama orodha ya amri tu. Nakubaliana naye katika hili moja: anayetoa amri zote humu ni mwanamke. Anajitaja, anausifu utungo wake, anawaita wanawake wengine waje wausome. Mtu asiye na kauli hafanyi hivyo. Lakini hapo hapo naogopa kupitiliza. Tukisema kwamba kila anapomwambia binti amtii mume anafanya dhihaka ya chini kwa chini, tutakuwa tumemvika mama wa 1858 nguo za kwetu.

Na kuna beti zinazokataa tafsiri zote hizo. Ni pale anaposimulia ndoa yake mwenyewe, jinsi walivyoishi bila kukosana, jinsi mume alivyokufa akiwa radhi naye, na jinsi yeye alivyobaki akilia. Beti hizo hazimtetei mtawala wa Siu wala hazimlaumu. Ni majonzi. Mhakiki wa siasa akifika hapo ana njia mbili: kuziruka, au kukiri kwamba utendi una kitu ambacho hoja yake haikukibeba. Wengi huruka.

Mengi ya kusoma vibaya utendi huu yalianzia kwenye jalada. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha Uingereza mwaka 1934 wakaupa jina la Kiingereza linalosema kwamba hizi ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Sina shaka kwamba walikuwa wasomi wa kweli, na bila kazi ya watu kama wao tungepoteza mengi. Lakini jina hilo lilichagua sehemu moja ya utendi ikawa ndiyo utendi, na waliokuja baadaye, wa kuusifu na wa kuulaani, wamekuwa wakibishana na jalada la 1934 zaidi kuliko na mama wa Pate. Kuhariri nako ni kutawala.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Je, fasihi kongwe isomwe kwa jicho la siasa? Wapo wanaosema hapana, kwamba ushairi ni sanaa na siasa inauchafua. Kwa Waswahili hoja hiyo haina pa kusimama. Mashairi yetu mengi ya kale yametungwa na watu waliokuwa karibu na utawala, au waliokimbizwa nao. Kuyasoma bila siasa ni kuyasoma nusu. Shaka yangu iko upande wa pili: usomaji wa kisiasa tulionao sasa, hasa mashuleni, umekuwa hauwezi kushindwa. Unajua jibu kabla ya kufungua kitabu. Usomaji usioweza kushindwa na ubeti wowote haujausoma ubeti wowote.

Hali hii ina historia yake, na haikuanza kwa nia mbaya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania iliwataka watu wa kila fani waingie katika kazi ya kujenga ujamaa, na washairi hawakuachwa nje. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba waitangaze siasa hiyo kwa tungo zao. Mathias Mnyampala akaistawisha ngonjera, chama cha washairi cha UKUTA kikaipeleka mashuleni, na watoto wakaghani kujitegemea na kilimo cha kufa na kupona. Mwaka huohuo, Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka pale Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu ifutwe, na mahali pake iwekwe idara ambayo kitovu chake ni fasihi ya Afrika. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kizazi cha wahakiki waliosoma Marx kwa bidii, Mugyabuso Mulokozi akiwa miongoni mwao, wakaanza kuuliza maswali ambayo hayakuwa yameulizwa: shairi hili lilikuwa la tabaka gani? Nani alinufaika nalo?

Maswali hayo yalikuwa ya haki. Kabla yake, uhakiki wa ushairi wa Kiswahili mara nyingi uliishia kwenye vina na mizani, na kwenye kusifu ufasaha wa lahaja. Lakini swali likifundishwa miaka 40 hugeuka jibu. Leo fungua mwongozo wowote wa fasihi unaouzwa nje ya geti la shule. Utakuta fani upande mmoja, maudhui upande wa pili, na chini ya maudhui dhamira zilizopangwa tayari: ukombozi wa kisiasa, ukombozi wa kiuchumi, ukombozi wa kiutamaduni, ukombozi wa kifikra, matabaka, rushwa, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke. Badilisha jina la kitabu, orodha inabaki. Vijana wetu wamesoma siasa katika kila kitabu, na wengi wao wasingeweza kukuambia nani alikuwa akitawala kitabu hicho kilipoandikwa.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu ambacho watu wengi waliopita sekondari wamekutana nacho. Kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, na kilichapishwa na kampuni ya Kiingereza, Nelson. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Hadithi iko katika nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakaleta habari njema na kulipwa kifungo. Mwishoni mfalme anasikia, Karama anaachiwa, na nchi inaamua kutengenezwa.

Jibu la kawaida ni kwamba Kusadikika ni Tanganyika na Majivuno ni mkoloni. Si jibu la kipumbavu. Mwandishi aliyeishi chini ya utawala ule angejua kwamba jambo la kweli hupita salama likivaa guo la ngano. Ila kitabu chenyewe hakimtaji mgeni. Watawala wa Kusadikika ni wenyeji wa Kusadikika. Wanaofunga wajumbe ni ndugu zao. Hilo ndilo lililokiwezesha kuendelea kuuma baada ya 1961: mtu wa miaka ya 1970, na wa 1990, na wa leo, amekisoma akamwona Majivuno anayemfahamu kwa jina.

Na ubeti unaokataa hapa, kama nitaruhusiwa kuita hivyo kipande cha riwaya, ni mwisho wake. Mfalme habanduki kitini. Hakuna anayepinduliwa. Dola inakosolewa mahakamani, inakubali, inajirekebisha. Msomaji wa mrengo wa kushoto atauita huo woga wa tabaka la makarani. Msomaji anayempenda Shaaban atasema alijificha kwa hofu ya wakubwa wake. Mimi siamini lolote kati ya hayo mawili. Shaaban Robert aliandika barua kwa miaka mingi, zile za 1931 hadi 1958 zimechapishwa na Mulokozi. Alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu sana juu ya vita vya 1939 hadi 1945 inayosimama upande wa Uingereza na wenzake. Alipewa nishani ya MBE. Alikuwa pia mtu mweusi katika ofisi za wakoloni, aliyejua tofauti ya mishahara na viti. Mtu huyo aliamini kwamba sheria inaweza kumtia adabu mtawala, na kwamba mtawala anaweza kufundishika. Hiyo ni siasa kamili, yenye wafuasi hadi leo. Unaweza kuiona dhaifu. Kuigeuza mapinduzi yaliyofichwa, hapana, kwa sababu maandishi hayakupi ruhusa.

Euphrase Kezilahabi, aliyekamilisha tasnifu yake juu ya riwaya za Shaaban pale Dar es Salaam mwaka 1976, alikuwa wa kizazi ambacho hakikuweza tena kuandika mwisho wa namna hiyo. Katika Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka hakuna mfalme anayesikia. Kuzisoma riwaya za wawili hao pamoja kutakufundisha siasa ya nusu karne ya nchi hii kuliko orodha ya dhamira.

Al-Inkishafi ni jambo jingine, na hapa usomaji wa kisiasa unaingia kwenye nyumba yenye mwenyewe. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga mwanzoni mwa karne ya 19, Pate ikiwa inaporomoka. Karibu na 1812 Pate na Mombasa zilipigwa na watu wa Lamu ufukweni Shela, na kuanzia hapo mamlaka ya mwambao yakaanza kuhama. Mshairi anauonya moyo wake juu ya udanganyifu wa dunia, akitoa mfano wa matajiri wa Pate: kumbi zao, taa zao, vyombo vyao vya kaure vilivyojaa zidakani, kisha popo na buibui waliobaki humo.

Wanaousoma Lamu kama waadhi wa dini wana haki kuliko sisi sote. Ndivyo ulivyotungwa, na mhakiki anayesema kwamba kaburi na moto wa Jahanamu ni pazia tu la kuficha uchumi wa kimwinyi anamtukana mshairi usoni. Hata hivyo, imani yake haimzuii mtu kutazama chumbani. Matajiri wale wamelala kwenye mito, na pembeni wapo watu wanaowapepea na kuwakanda. Koo za wakubwa zinatajwa, masharifu na mashekhe wanaulizwa wako wapi. Wenye vipepeo mkononi hawaulizwi. Pate ilipoanguka, wao walikwenda wapi? Utendi haujui, na sidhani kama uliwahi kutaka kujua. Sayyid Abdallah alikuwa wa masharifu wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim, akiomboleza watu wa daraja lake. Nikiyasema haya simpunguzii kitu. Ukubwa wa Al-Inkishafi uko katika kumwambia mwenye nguvu kwamba nyumba yake itakaliwa na popo, na maneno hayo, yakisemwa na mtu wa ndani, yana ukali wa kisiasa kuliko kama yangesemwa na adui.

Kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa nitakuwa mfupi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha. Alisimama na Wamazrui dhidi ya Sayyid Said, akawarushia watu wa Lamu mashairi, nao wakamjibu. Mtu wa majibizano hayo upande wa Lamu alikuwa Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi. Vita vya Shela vilipiganwa kwa panga na kwa vina. Hapo asiyesoma siasa hasomi chochote. Lakini Muyaka ana mashairi mengine mengi, ya mapenzi, ya kukosa fedha, ya kumlilia mtu aliyesafiri, ya mafumbo matupu. Yalihifadhiwa vichwani na kwa hati za watu, hadi W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, Muyaka akiwa amekufa miaka mingi. Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Njiani, maelezo ya mengi yalidondoka. Mohamed Hassan Abdulaziz amefanya kazi kubwa ya kurudisha mazingira yake katika kitabu chake cha 1979. Pale maelezo yasipopatikana, naona ni heri tuache mpenzi abaki mpenzi. Kuna raha ya kitoto katika kusema kwamba kila mwanamke wa Muyaka ni Mombasa na kila jahazi ni dola. Mombasa ya wakati ule ilikuwa na wanawake wa kweli na majahazi ya kweli.

Wakati mwingine siasa haimo katika kazi, wala kwa mtunzi. Inaletwa na saa ambayo kitabu kinafunguliwa. Februari 1601 wafuasi wa Earl wa Essex waliilipa kampuni ya Shakespeare shilingi 40 za nyongeza icheze tamthilia ya zamani juu ya mfalme Richard wa Pili anayevuliwa taji. Kesho yake wakaasi dhidi ya Malkia Elizabeth. Essex alikatwa kichwa mwezi huohuo. Waigizaji wakahojiwa, wakaachiwa. Maneno ya tamthilia hayakuwa yamebadilika hata moja. Nasi tunayo ya kwetu. Mwaka 1963 Rais wa Tanganyika, Julius Nyerere, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, kiongozi anayeuawa na rafiki zake kwa jina la jamhuri. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito wakaasi, na Rais akalazimika kujificha kwa muda. Kitabu hakikuwa na mkono katika maasi hayo. Lakini nani, Dar es Salaam, angeweza kukifungua mwezi ule akaona historia ya Roma peke yake?

Nimalizie na Abdilatif Abdalla, kwa sababu kwake kila kipimo changu kinajaribiwa. Mwaka 1968 aliandika waraka unaouliza Kenya inaelekea wapi, ukaipinga serikali ya Jomo Kenyatta. Machi 1969 akafungwa miaka mitatu, muda mwingi akiwa peke yake. Ndani humo alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri. Oxford iliyachapisha Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi inayoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Yaani diwani iliyotoka jela ilituzwa kwa jina la aliyemtia mtunzi jela, wakati mwenye jina yu hai na yu Ikulu. Sijui mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni hilo.

Sauti ya Dhiki sasa ni fasihi kongwe, imepita nusu karne. Humo mna “Mamba”, “Jipu”, “Siwati”, “Kuno Kunena”, na hakuna haja ya mwongozo kukuambia mamba ni nani. Mna pia “Mnazi: Vuta N'kuvute”, majibizano ya ndugu wawili juu ya mnazi mmoja, ambayo wasomaji wameyaona kuwa ya Kenya na mali yake, nami sina ubishi. Siasa hapo iko juu kabisa ya maji.

Halafu unafika kwenye “Usiniuwe!”. Anayesema ni mtoto ambaye hajazaliwa. Anamwomba mama yake asimtoe. Mfungwa wa kisiasa, chumbani peke yake, akiwa na karatasi ya chooni na kalamu ya kuficha, aliitumia karatasi hiyo ya thamani kubwa kwa jambo hili. Wapo watakaosema kwamba mtoto ni uhuru, mama ni Kenya. Inawezekana kufanya hivyo kwa kila ubeti, na kila kitu kitatoshea; hilo ndilo linalonitia shaka. Mimi nalisoma kama lilivyo: hoja ya kijana Mwislamu wa Mombasa juu ya uhai wa mtoto tumboni, ambayo wasomaji wengi wa mrengo wake wa kisiasa leo wasingekubaliana nayo. Wanaompenda kwa “Siwati” huwa hawalitaji. Na wanaolipenda hili huwa hawaitaji “Siwati”. Mtu ni mmoja, jela ni moja, diwani ni moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofundisha na kwa wanaotunga mitihani, na ni dogo. Endeleeni kuuliza siasa. Mwacheni mwanafunzi aonyeshe matabaka katika Al-Inkishafi, nafasi ya mwanamke kwa Mwana Kupona, uongozi mbaya Kusadikika. Ila kwanza aulizwe nani alikuwa akitawala, na mtunzi alikula kwa nani. Kisha katika kila swali la maksi 20, tengeni tano za sehemu ya mwisho: ataje ubeti au ukurasa mmoja unaoipinga hoja aliyoitoa, aeleze kwa nini. Atakayejibu kwamba haupo, apewe sifuri katika sehemu hiyo, arudishwe kitabuni akasome tena.